Nani Alikuwa Wazi?

Kila kijana anayecheza kikapu nchini Kenya anaujua mtupo ule. Ni Februari 2021, mjini Yaoundé, Kameruni. Angola wako mbele, saa inakwisha, na mpira uko mikononi mwa Tylor Okari Ongwae. Mlinzi amemkalia. Anaruka akijivuta nyuma, anauachia mpira, king'ora kinalia, nyavu zinatikisika. Kenya 74, Angola 73. Waliolazwa siku hiyo walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11, na ushindi huo ukatufungulia njia ya AfroBasket ya Kigali, mashindano ambayo Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, hawakuwa wameyacheza tangu 1993, tulipoyaandaa Nairobi na kumaliza katika nafasi ya nne.

Tumeurudia mtupo huo kwenye simu mpaka umetudekeza. Pita jioni kwenye uwanja wa shule yoyote kati ya Webuye na Kitale, utamkuta kijana wa sekondari anaruka kinyumenyume mbele ya walinzi wawili, huku mwenzake amesimama pembeni peke yake, mikono juu, anaita kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kupewa. Mpira unagonga ukingo wa ringi na kutoka. Benchi linapiga makofi. "Bahati mbaya! Umejaribu!"

Bahati haihusiki hapo. Ongwae alirusha vile kwa sababu muda ulikuwa umemwishia. Wewe uliyekuwa na mpira dakika ya tatu ya robo ya kwanza, katika uwanja usio na hata saa ya sekunde 24 ya kukuharakisha, ulikuwa unakimbizwa na nani?

Nakuuliza wewe wa Matulo hasa. Watu wa mbali wanaijua Matulo, wadi hiyo ya Webuye Magharibi, kwa sababu ya kiwanja chake cha ndege. Vizuri. Mimi nataka ijulikane pia kwa daftari. Maana swali langu ni rahisi na hakuna anayeweza kulijibu: katika michezo ya muhula wa kwanza uliopita, timu yako ilirusha mara ngapi? Na katika hizo, ni ngapi zilizorushwa na mtu aliye wazi, na ngapi zilizorushwa na mtu aliyebanwa, mkono wa mlinzi ukiwa usoni pake? Mwalimu wa michezo hajui. Nahodha hajui. Karatasi ya meza ya waamuzi haitakusaidia, kwa kuwa inahesabu vikapu vilivyoingia, faulo na mapumziko basi. Mtupo uliokosa hauna hata mstari wa kuandikiwa. Timu inaweza kukosa mara 50 katika mchezo mmoja, na ikifika jioni hakuna ushahidi wowote kwamba mitupo hiyo ilikuwapo duniani.

Timu ya namna hiyo hujifunza nini kutokana na kushindwa? Hujifunza kumlaumu refa.

Wenzetu wenye pesa walilimaliza swali hili kwa kamera. Tangu msimu wa 2013-14, kila ukumbi wa NBA ulikuwa na kamera sita zilizofungwa juu darini, zikichukua mahali alipo kila mchezaji na mahali ulipo mpira mara 25 kwa sekunde. Kampuni zinazoendesha kazi hiyo zimebadilishana tangu hapo, na kamera zimekuwa bora zaidi, lakini wazo ni lilelile: mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, mashine inapima umbali hadi kwa mlinzi aliye karibu zaidi. Ndani ya futi mbili, yaani kama sentimita 60, mrushaji amebanwa sana. Kati ya futi mbili na nne, amebanwa. Kati ya nne na sita, yuko wazi. Zaidi ya futi sita, karibu mita 1.8, yuko wazi kabisa. Mlaze chini mtu mrefu wa Bungoma kati ya mrushaji na mlinzi. Akienea bila kukunja magoti, mtupo huo ni wa wazi kabisa.

Takwimu hizo ziko hadharani. Mwenye simu na bando kidogo anaingia kwenye kurasa za takwimu za NBA, anatafuta mitupo iliyopangwa kwa umbali wa mlinzi wa karibu, na bila kulipa senti anasoma mchezaji gani huingiza kiasi gani akiwa wazi na kiasi gani akibanwa. Utaona kwamba mitupo ya pointi tatu ya walio wazi kabisa huingia kwa asilimia 38 hivi misimu mingi, ilhali wastani wa mitupo yote ya pointi tatu hukaa karibu asilimia 36. Usidharau pengo hilo kwa udogo wake. Katika ligi ile, anayethubutu kurusha tatu mkono ukiwa usoni ni fundi kama Stephen Curry. Mtu wa kawaida akifanya hivyo kocha anamketisha. Kwa hiyo hesabu ya mitupo iliyobanwa imejaa mafundi, na hata mafundi hao, wakiachiwa nafasi, huingiza zaidi. Sasa wewe na mimi, ambao si mafundi, tukibanwa itakuwaje?

Ukirudi huku kwetu, chemchemi inakauka. Mashindano ya FIBA na BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, hutoa takwimu nzuri: nani alirusha, kutoka wapi, iliingia au haikuingia. Nairobi City Thunder walipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa BAL, kwa msimu wa 2025, wachezaji wa hapa nyumbani walionekana pia kwenye takwimu za ligi hiyo. Lakini umbali wa mlinzi haumo katika taarifa wanazopewa mashabiki. Na ukishuka hadi ligi ya nyumbani, kisha michezo ya shule, kisha kaunti ndogo, kisha pale mnapochezea nyinyi, huko hakuna kitu. Hakuna aliyekunyima, hakuna aliyewahi kuhesabu.

Hapo ndipo ninapotaka usimame. Takwimu za Matulo hazitafutwi, zinatengenezwa. Na wa kuzitengeneza ni wewe.

Usiniambie habari za vifaa. Eliud Kipchoge, mtu wa kwanza kukimbia kilomita 42.195 chini ya saa mbili, Vienna mwaka 2019, amekuwa akiandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari tangu 2003. Ana wadhamini wenye maabara na wanasayansi, na bado anaandika. Hata NBA yenyewe, pamoja na kamera zote zile, ilipoanza mwaka 2016 kutangaza idadi ya mitupo ambayo mlinzi ameiendea kwa mkono ulioinuliwa, kazi hiyo ilifanywa na watu walioketi wakitazama na kuhesabu. Kamera ilijua miguu ilipo. Mkono ulihitaji jicho la binadamu. Macho unayo.

Basi tafuta daftari la mraba, lile la hesabu, na biro mbili, kwa kuwa moja itakwama katikati ya robo ya tatu; hizo ndizo tabia za biro. Tafuta watu wawili. Mmoja anatazama, mwingine anaandika, na anayeandika asitazame mchezo hata ukinoga, la sivyo ataruka mitupo miwili mitatu na daftari litadanganya. Chora nusu ya uwanja: ringi, boksi la chini, tao la pointi tatu. Mrushaji akiachia mpira, mtazamaji anataja mambo matatu kwa mfululizo: namba ya jezi, wazi au kabanwa, imeingia au imekosa. "Saba, wazi, imekosa." "Kumi na moja, kabanwa, imeingia." Mwandishi anaweka namba ya jezi mahali pale pale mtupo ulipotokea, pembeni yake W au B, na anazungushia duara ikiwa mpira umeingia. Mitupo mia kwa timu mbili inaenea kwenye kurasa nne, ukurasa mmoja kwa kila robo, na usiku unasoma mchezo mzima kwa taa ya sola.

Na mpaka wa W na B uwe wapi? Huna kamera, kwa hiyo usijifanye unazo. Tumia mkono. Mpira unapotoka, mlinzi akiwa mbele na mkono wake ukinyooshwa unaweza kumgusa mrushaji au mpira, hiyo ni B. Akiwa mbali kuliko hapo, au amegeuka anatazama upande mwingine, ni W. Ukishindwa kuamua, andika B, na uandike B kila mara unaposhindwa, leo na wiki ijayo, kwa timu yako na kwa wapinzani. Mtu mmoja akiwa mkali Jumamosi hii na mpole Jumamosi ijayo, mnakuwa na madaftari mawili yasiyozungumza lugha moja. Afadhali kipimo kigumu kidogo kinachotumika vilevile siku zote. Mtupo uliofanyiwa faulo na ukakosa haupati W wala B. Uandikie F na uendelee, kwani mrushaji huyo ameshapata haki yake kwenye mstari.

Simu ya mwalimu inasaidia sana, kwani wanafunzi hawaruhusiwi kuja na zao, na mimi sina ugomvi na sheria hiyo. Mtu apande ukutani au kwenye ngazi za jukwaa, ashike simu kwa ulalo, asiufuate mpira kama anayepiga picha za harusi. Picha pana ya nusu uwanja inatosha. Mkibishana baadaye kuhusu mtupo wa dakika ya nane, mnaurudia mara tatu na ubishi unakwisha.

Sasa njoo kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Tuseme timu yako inarusha mara 60 kwa mchezo, zote za pointi mbili. Daftari linakuonyesha kwamba mitupo 20 ilikuwa ya wazi na 40 ilibanwa. Tuseme tena kwamba mkiwa wazi mnaingiza nusu, na mkibanwa mnaingiza tatu katika kila kumi. Mitupo ya wazi inawapa pointi 20. Iliyobanwa inawapa 24. Jumla 44. Sasa chukua mitupo kumi tu kati ya ile iliyobanwa, uigeuze iwe ya wazi kwa pasi moja ya ziada. Mitupo ya wazi 30, pointi 30. Iliyobanwa 30, pointi 18. Jumla 48. Umepata pointi nne, na hakuna hata mchezaji mmoja aliyejifunza kurusha vizuri kuliko jana. Hakuna aliyerefuka. Hakuna aliyenunuliwa viatu. Mikono ni ileile, ringi ni ileile iliyopinda upande mmoja.

Pointi nne ni nyingi? Waulize Morans. Kule Kigali, mwaka huo huo wa 2021, chini ya kocha Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket, waliwafunga Mali 72 kwa 66, kisha wakakutana na Sudan Kusini wakitafuta nafasi ya robo fainali. Sudan Kusini 60, Kenya 58. Kikapu kimoja. Wale waliopita siku hiyo ndio waliokuja kucheza Kombe la Dunia 2023 na Olimpiki ya Paris 2024, na kabla ya Paris wakaishika Marekani kwenye mchezo wa kirafiki London mpaka ukaisha 101 kwa 100. Simaanishi kwamba daftari lingetupeleka Paris. Ninasema kwamba katika mchezo huu umbali kati ya kusonga mbele na kurudi nyumbani mara nyingi ni pasi moja iliyonyimwa mtu aliyekuwa wazi, na ukiihesabu pasi hiyo unaweza kuidai.

Ila ukae chonjo, daftari lina mitego yake, na mwenye papara atanaswa.

Mtego wa kwanza ni haraka. Mrushaji ambaye kwa kweli ni wa asilimia 40, ukimtazama kwa mitupo kumi tu, karibu mara moja katika kila tatu atakuonyesha mbili au chini yake, ama sita au zaidi, kwa bahati tupu. Ukimpa sifa kwa zile sita umekosea, ukimketisha kwa zile mbili umekosea zaidi. Subiri mitupo hamsini. Subiri mia. Jumlisha mazoezi, mechi za kirafiki na za kaunti ndogo, muhula mzima kama ni lazima, ndipo ufungue mdomo. Kwa timu nzima unaweza kusema mapema kidogo, kwani mitupo inakusanyika upesi. Kwa mtu mmoja, nyamaza kwanza.

Wa pili ni kudhani kwamba wazi ni wazi. Kuna mtu anaachwa peke yake kwenye tao kwa sababu wapinzani wameshamjua hawezi. Wanamwachia makusudi, wanarudi ndani kujaza boksi, na yeye kwa furaha anarusha. Daftari litasema W. Lakini soma mstari mzima: W kumi na tano, duara mbili. Huyo hajapewa nafasi, ametegwa. Kinyume chake, binti mwenye nguvu anayepenya mpaka chini ya ringi na kurusha huku mlinzi amemwegemea anaandikiwa B, na B yake ya hatua moja kutoka kwenye ringi inaweza kuwa na thamani kuliko W ya rafiki yake aliye mita 6.75. Ndiyo sababu nimekuambia uchore uwanja. Herufi bila mahali ni nusu ya habari, na nusu ya habari katika mikono ya kocha mwenye hasira ni balaa.

Ukishaijua mitego hiyo, nenda kazini. Nafasi ya wazi hutengenezwa. Mmoja anaingia ndani kwa kasi, walinzi wawili wanajikusanya kwake, na sekunde hiyo hiyo kuna mtu pembeni ambaye mlinzi wake ameondoka. Mpira utoke! Anayepokea akiendewa mbio, asirushe kwa kiburi. Atoe pasi nyingine kwa jirani yake, kwa kuwa ulinzi ukishaanza kukimbizana huchelewa hatua moja, kisha mbili. Mfanye hivyo mazoezini kwa sheria hii: kwa dakika kumi, kikapu cha W kinahesabiwa pointi tatu na cha B kinahesabiwa moja, popote kilipotupwa. Utashangaa watoto wanavyoanza kutazamana. Yule aliyekuwa haoni mtu ghafla anaona uwanja mzima. Na simama mbali na mwenzako! Nimeona timu ambazo wachezaji wanne husongamana upande mmoja wakidai mpira, hata mlinzi mmoja anawatosha wote, anakula na ndizi mkononi.

Nenda upande wa pili wa daftari, maana hapo ndipo timu ndogo inapopata heshima kwanza. Mlihesabu na mitupo ya wapinzani, sivyo? Mliwaachia W ngapi? Hakuna kimo kinachohitajika kukimbia kutoka chini ya ringi mpaka kwenye tao na kuinua mkono. Shane Battier wa NBA hakuwa mrefu kuliko wengine, wala hakuwa mwepesi, na takwimu za kawaida zilimwonyesha kama mchezaji wa kujaza nafasi tu. Mwaka 2009 mwandishi Michael Lewis alimwandikia makala ndefu katika jarida la New York Times kueleza kwa nini timu yake, Houston Rockets, ilicheza vizuri zaidi akiwa uwanjani. Mbinu yake moja dhidi ya Kobe Bryant ilikuwa kuupeleka mkono mbele ya macho ya Kobe wakati wa kurusha, bila kujaribu kuugusa mpira, na kumsukuma arushie kule ambako takwimu zilionyesha hafanyi vizuri. Hiyo ni kazi ya kusoma na kukimbia. Kati yenu yupo mwenye moyo huo, labda ndiye anayekaa mwisho wa benchi, na hajawahi kusikia jina lake likitajwa baada ya mchezo kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu B alizowalazimisha wapinzani. Msome kwa sauti. "Leo namba kumi na nne amebana mara tisa." Halafu mtazame Jumatatu atakavyokuja mazoezini.

Wasichana, ninyi msidhani nawasahau. Kanda ya Magharibi ina shule zinazotajwa kwa heshima katika kikapu cha wasichana, Butere na Tigoi zikiwamo, na nje ya kanda hii Madina Okot alitoka shule ya Kaya Tiwi, akapita Zetech Sparks, akavuka hadi Mississippi State na mwaka 2025 akajiunga na South Carolina, moja ya timu kubwa kabisa za vyuo za wanawake Marekani. Mchezaji mrefu kama yeye hubanwa tangu anapoingia uwanjani. Maisha yake yote ni B. Na walinzi wawili wakimwendea mmoja, kuna mtu wa timu yake aliyeachwa. Kama timu yenu ina binti mrefu, daftari lisihesabu vikapu vyake peke yake. Hesabuni ni mara ngapi mpira uliingia kwake ukatoka tena kwa mtu aliye wazi. Mkifanya hivyo binti huyo hatanung'unika kwamba anabanwa bure, na wenzake hawatasimama wakimtazama apigane peke yake.

Kuna jambo moja gumu, na sitaki kulipita kimyakimya. Nyota wa timu hatalipenda daftari hili. Yeye ndiye anayeshangiliwa, ndiye aliyefunga 22 dhidi ya wapinzani wa jadi, na sasa mtoto wa darasa la chini yake anamwonyesha karatasi inayosema mitupo yake 19 kati ya 26 ilikuwa B. Mwalimu, usimwonyeshe mbele ya wenzake. Mwite kando, mweke mezani kurasa za michezo minne, umwache azisome mwenyewe. Usimwambie ana uchoyo. Muulize swali moja, liwe lile lile kila mara: nani alikuwa wazi? Arudie video, amtafute, amtaje kwa jina. Akishamtaja mara nne tano, hutahitaji kuhubiri. Na mwenyewe atagundua siri tamu iliyofichika humo, kwamba akianza kutoa pasi, walinzi wake wawili watabaki mmoja, na W zake pia zitaongezeka. Vijana wenye vipaji wanapenda kushinda kuliko tunavyowadhania. Wengi hawajawahi kuonyeshwa njia fupi.

Na wewe mwalimu unayesema huna nafasi, una vipindi 27 kwa wiki na mitihani ya kusahihisha, nakuelewa. Usifanye peke yako. Mpe kazi yule anayependa hesabu lakini hapendi kukimbia. Kila shule ina mtu wa namna hiyo na kila mwaka tunampoteza kwa kumwambia michezo ni ya wenye miguu. Mpe yule aliyeumia kifundo. Mwalimu wa hisabati apewe karatasi za muhula mzima, afundishie asilimia na uwezekano kwa namba ambazo darasa zima linazijua kwa majina ya wenyewe. Hapo hutasikia mtu akiuliza hesabu zitamsaidia nini maishani.

Michezo ya kikapu ya shule hufanyika muhula wa kwanza, na ngazi ni zilezile: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa. Bungoma iko kanda ya Magharibi, Trans Nzoia iko Bonde la Ufa, kwa hiyo shule ya Matulo na shule ya Kitale, ambazo matatu inaziunganisha kabla chai haijapoa, hazikutani rasmi mpaka ngazi ya taifa. Upungufu huo uugeuze uwe faida. Wapigieni simu. Waombeni mchezo wa kirafiki muhula wa tatu, na sharti la mchezo liwe moja: kila upande uje na daftari lake na watu wake wawili, na baada ya mchezo, kabla ya soda, waandishi wote wanne wakae meza moja walinganishe kurasa. Penye tofauti wabishane. Nyinyi mmeandika W, wao wameandika B, fungueni video. Wakikubaliana kipimo, mtakuwa na namba za shule mbili zinazoweza kuwekwa pamoja, na shule ya tatu ikija, Kimilili au Chwele au Kiminini, inakuta mfumo umeshasimama. Kocha wa kanda anayechagua kikosi, au wa chuo anayetafuta kipaji, ataletewa kitu ambacho leo hakipati popote katika kaunti hizi mbili: mtoto fulani, mitupo 140, ya wazi 82, imeingia 39, hizi hapa kurasa, hii hapa video.

Jumamosi mna mchezo. Anayetazama ni nani, na anayeandika ni nani? Majina hayo mawili yabandikwe leo kwenye ubao wa matangazo, chini ya orodha ya kikosi, kwa maandishi ya ukubwa uleule.